Mwani Upande wa Mnara

Kila alasiri akitoka shule, Ramani alianza kazi sakafuni. Chumba cha mama yake cha kushonea kilikuwa kidogo, na kufikia saa tisa vipande vya kitambaa na nyuzi vilikuwa vimetapakaa mpaka chini ya cherehani. Alivifagia, akaokota vifungo vilivyodondoka na kuvitenga kwa rangi kwenye makopo, kisha akakaa kwenye kiti kifupi kumtungia mama yake uzi. Macho ya mama yalikuwa yamechoka kwa kutazama tundu la sindano. Ya Ramani yalikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Ramani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na shangazi yake siku walipokwenda soko kuu, watu wazima wawili wakapotea na kulizunguka duka moja la ndoo mara tatu, mpaka yeye, wakati huo msichana wa miaka saba, alipowashika mikono na kuwatoa nje. Tangu siku hiyo, njia ikisahaulika anaulizwa Ramani. Kitu kikipotea ndani ya nyumba, anaulizwa Ramani. Naye akazoea kujibu. Hata pale asipokuwa na hakika alijibu tu, maana alipenda namna watu walivyotulia wakishapata jibu.

Mwaka huo shangazi aliugua sana. Alikuwa mpishi wa shule, na moshi wa jikoni ulikuwa umemwamshia pumu iliyokuwa imelala miaka mingi. Daktari akampa dawa ya kuvuta na kumwambia apumzike siku kadhaa mahali penye hewa safi. Ikaangukia wakati mama alipokuwa anamalizia oda kubwa ya sare. Baba, dereva wa malori, alikuwa safari ya mbali.

"Tutakwenda baharini siku nne," mama akatangaza, mdomoni ameshikilia pini mbili. "Mimi, wifi yangu, na nyinyi watoto. Lakini nina kola ishirini hazijashonwa, sina nafasi ya kutafuta mahali. Ramani, chukua simu yangu ututafutie ufuo. Ninataka mambo mawili. Hewa safi kwa ajili ya kifua cha shangazi yako, na mahali mdogo wako atakapocheza bila kunitoa roho. Ukishapata, wapigie uwaulize hali ikoje."

Mdogo wake alikuwa na miaka sita na aliitwa Kiroboto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa mahali pamoja.

Ramani akajifungia chumbani na simu. Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi. Kulikuwa na rasi moja, mwendo wa saa nne kwa basi, na rasi hiyo ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulitazama bahari kuu na ulikuwa na mnara mweupe wa kuongozea meli. Upande wa pili ulikuwa na ghuba. Picha za upande wa mnara zilikuwa nyingi na za kupendeza: mchanga mweupe, maji ya buluu, watu wanacheka. Picha za ghuba zilikuwa tatu tu, na moja ilionyesha mbuzi. Ramani akachagua mnara kabla hajamaliza kutazama.

Kisha akasoma maoni ya watu waliowahi kufika huko, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka.

Mmoja aliandika: "Maji kama kioo. Tulikaa wiki nzima bila kuona uchafu wowote." Chini yake mwingine, mwezi uleule: "Msiende. Mwani umejaa mpaka magotini na unanuka vibaya." Wa tatu akasema: "Mwani ni wa bahari, mnataka uende wapi?" Na wa nne: "Asubuhi ulikuwepo, jioni haukuwepo." Ramani akarudia kusoma toka juu mpaka chini. Ufuo ni uleule, mwezi ni uleule, na kila mtu alikuwa amefika kwa miguu yake. Basi nani anasema uongo? Kama wote wanasema kweli, mahali pamoja pawezaje kuwa pasafi na pachafu? Hakujua ashike lipi aache lipi.

Akakumbuka agizo la mama. Namba ya nyumba ya wageni ilikuwepo. Akabonyeza, simu ikaita mara tatu.

"Haloo, karibu," sauti ya mwanamke kijana ikasema. Nyuma yake kulisikika mlio wa vyombo na mtu anaita jina la chumba. "Haloo? Nakusikiliza."

Ramani hakuwahi kumpigia simu mtu asiyemjua. Alikuwa amejiandaa kusema "shikamoo," lakini sauti ilikuwa ya dada tu, si ya mtu wa shikamoo, na kwa kuwa neno la kwanza lilikataa, mengine yote yakakwama nyuma yake. Ulimi ukawa mzito kama umeshonewa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Akakata simu. Akabaki anaitazama kama itamng'ata.

Alipotoka, mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Umepiga?"

"Nimepiga, mama."

"Wanasemaje?"

Kupiga alikuwa amepiga kweli, na mtu alikuwa amepokea kweli. Sentensi ikatoka yenyewe, laini kabisa. "Wanasema ufuo ni safi."

"Vizuri," mama akasema, akakanyaga cherehani. "Ndiyo maana nilikupa wewe kazi hii."

*

Walishuka kwenye basi saa sita mchana siku ya Ijumaa. Kilichowapokea kwanza kilikuwa harufu, kabla hawajaiona hata bahari yenyewe.

"Kuna mtu amevunja mayai mabovu," Kiroboto akasema, akaziba pua.

"Labda ni mtaro," mama akasema.

Shangazi alifunga mtandio wake puani na kutembea polepole, na Ramani, aliyekuwa amembebea mkoba, akasikia kifua chake kikianza kupiga filimbi ndogo. Aliifahamu filimbi hiyo. Alilala chumba kimoja nayo miezi mitatu.

Walipozunguka ukuta wa nyumba ya wageni, wote wakasimama. Bahari ilikuwepo, na mnara ulikuwepo, mweupe vilevile kama kwenye picha. Lakini mchanga haukuonekana. Toka ncha moja ya ufuo mpaka nyingine ulilala mwani, tabaka juu ya tabaka, wa juu una rangi ya dhahabu na wa chini umekuwa mweusi, umeiva kwa jua, unatoa mvuke. Wadudu wadogo waliruka juu yake kama chumvi inayomwagwa. Hata maji yenyewe karibu na ufuo yalikuwa mazito na ya kahawia. Wanaume wawili walikuwa wanauvuta kwa reki na kuujaza kwenye toroli, na nyuma yao kila wimbi lilileta mwingine.

Kiroboto akamgeukia dada yake. "Ramani, bahari iko wapi?"

"Si hiyo hapo."

"Ile ya kwenye simu."

Mama alikuwa ameduwaa, begi bado mkononi. "Lakini si ulisema walikwambia ni safi? Majuzi tu haya. Jumanne."

"Labda mwani umekuja jana," Ramani akasema. Akajishangaa. Alikuwa ametoa jibu jingine tena, bila kulitafuta.

"Jana?" Mama akainama, akalitazama tabaka jeusi la chini lililokuwa limeoza na kushikana kama matope. Alikuwa mtu wa vitambaa. Alijua kutofautisha kitu cha jana na kitu cha wiki. Akamshika wifi yake mkono. "Twende ndani kwanza, upate pa kukaa."

Kwenye mapokezi kulikuwa na kaunta ya mbao, daftari kubwa la wageni, na feni iliyokuwa inazunguka bila bidii. Mpokezi, dada mwenye nywele fupi na beji isiyosomeka vizuri, akawaletea maji kabla hawajaomba. Shangazi akakaa, akatoa dawa yake, akaitikisa na kuivuta mara mbili. Akafumba macho. Wote wakamngoja. Baada ya dakika kadhaa filimbi ikapungua, ila haikuisha.

"Niko salama," shangazi akasema kwa sauti nyembamba. "Msinitazame kama ndizi iliyoiva."

Mama akapumua, kisha akageukia kaunta. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, ila alikuwa ameogopa, na woga ulimfanya aongee haraka. "Dada, samahani. Binti yangu alipiga simu hapa Jumanne kuulizia ufuo. Mkamwambia ni safi. Mgonjwa wetu ana pumu, tumekuja kutafuta hewa. Mngetuambia tu ukweli tusingekuja."

Mpokezi akashangaa. "Jumanne? Mwani ulikuwepo Jumanne, mama. Una wiki mbili sasa. Kila anayepiga tunamwambia."

"Basi nani alimwambia ni safi?"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mwenye nyumba, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira na kushika reki, maana alikuwa anafanya kazi pamoja na watu wake. Alikuwa ameyasikia maneno. Akaiegemeza reki ukutani polepole.

"Simu ya hapa anapokea nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi, bosi," mpokezi akasema.

"Na mwezi uliopita tulizungumza nini, mimi na wewe?"

"Tulizungumza kwamba nisiwaahidi wageni kitu ambacho hakipo."

"Kwa sababu uliwaahidi wale wengine vyumba vya ghorofani."

"Nilikosea tarehe, bosi. Lakini hili la mwani..." Mpokezi akalivuta daftari, akafunua kurasa, akafunua tena. "Jumanne. Jumanne nilipokea simu nyingi. Kuna moja ilikatika. Mtu hakusema kitu." Akajikuna shingo. Ramani alimwona akianza kutafuta ndani ya kichwa chake, kama mtu anayepekua kabati kutafuta nguo ambayo hakuwahi kuwa nayo. "Au labda kuna mtu nilimjibu huku nashughulika. Labda nilisema maji ni safi, nikimaanisha maji ya bombani. Sikumbuki vizuri. Inawezekana nilisema."

Ramani akatazama huku na huku. Alitarajia mambo mengi, lakini si hili. Alidhani atagombezwa, au mama atanuna, au watarudi nyumbani. Hakuwahi kufikiria kwamba uongo wake ungemwingia mtu mwingine kichwani mpaka mtu huyo aanze kuuamini. Dada huyu hakuwa amesema lolote zaidi ya "haloo, karibu," na sasa alikuwa anakiri.

Akatafuta mahali pa kusimama ambapo hamwoni yeyote. Hapakuwepo. Kila alipogeuza macho aliona mtu anayejaribu kuelewa jambo ambalo yeye peke yake alilielewa. Na hata yeye hakulielewa sawasawa, kwa sababu maneno yalikuwa machache mno, manne tu, yaliyosemwa nyuma ya cherehani. Vipi yakawa makubwa namna hii?

"Dada," mwenye nyumba akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira, "mimi nitakuomba ukae pembeni kwanza mpaka Jumatatu. Tutaona."

Mpokezi akaitikia kwa kichwa, akaanza kuivua beji.

"Hakusema," Ramani akasema.

Sauti yake ilitoka ndogo, ikapotea kwenye mlio wa feni. Akapiga moyo konde, akarudia. "Dada hakusema ufuo ni safi. Mimi ndiye niliyepiga ile simu iliyokatika. Nilishindwa kuongea, nikakata. Halafu nikamwambia mama kwamba nimeambiwa."

Nje, toroli la mwani lilipita likilia gurudumu moja.

"Uliambiwa nini?" mama akauliza, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Sikuambiwa kitu, mama. Nilitunga."

"Kwa nini?"

Hilo lilikuwa swali gumu kuliko yote, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Ramani hakutoa jibu la haraka. "Sijui," akasema. Machozi yakamjaa. "Watu walioandika walikuwa wanapingana. Mmoja anasema safi, mwingine anasema uchafu. Nilichanganyikiwa. Na nyinyi mlikuwa mnaningoja niseme kitu."

Mama akageuka kwa mpokezi. "Mwanangu, nimekusemea vibaya mbele ya bosi wako. Nisamehe." Na kwa Ramani: "Umebaki wewe."

Ramani akasogea mpaka kwenye kaunta. Mbao zake zilimfika kifuani. "Dada, nisamehe. Nilikusingizia."

Mpokezi alikuwa bado ameshika beji mkononi. Ramani alingoja akasirike, na ingekuwa afadhali. Badala yake yule dada alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. "Ndiwe uliyekuwa unapumua kwenye simu?" akauliza. "Nilidhani ni ng'ombe."

Shangazi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho kikawakumbusha wote kwamba tatizo lenyewe lilikuwa bado lipo nje ya dirisha, linanuka.

*

Mwenye nyumba mwenyewe aliichukua beji mkononi mwa mpokezi, akambania tena kwenye blauzi. Kisha akafunga madirisha ya upande wa bahari na kukaa karibu na shangazi.

"Mimi sitawadanganya ili mlale kwangu," akasema. "Mwani mbichi hauna neno. Ukifika ukiwa na rangi ya dhahabu, unaweza kuushika, kuuruka, hata kuogelea mbali nao. Shida unapokaa juani siku mbili, tatu. Unaoza, unatoa gesi yenye harufu hiyo ya mayai. Mimi mzima naumwa kichwa. Mtu mwenye pumu hapaswi kukaa hapa hata usiku mmoja."

"Lakini mbona kuna walioandika kwamba hapa ni safi?" Ramani akauliza. Swali lilikuwa limemkaa moyoni tangu Jumanne. "Na wengine wanasema siyo. Wote walikuja mwezi mmoja."

"Wote wanasema kweli."

"Wote?"

"Njoo." Mwenye nyumba akampeleka kwenye dirisha, akamwonyesha bendera iliyokuwa juu ya mnara. "Ile inaelekea wapi?"

"Inatuelekea sisi."

"Upepo unatoka bahari kuu, unausukuma mwani huku. Ukigeuka kesho, mwani wote uliomo majini utakwenda zake, na watu wangu wakivuta huu uliobaki, keshokutwa utaona mchanga. Halafu baada ya wiki unarudi. Aliyekuja tarehe tano aliona kioo. Aliyekuja tarehe ishirini alikuta matope. Hakuna muongo kati yao. Wewe ulitaka kujua ufuo ukoje, lakini swali lilikuwa ukoje siku gani."

Ramani akajaribu kulipokea jambo hilo. Lilikuwa geni kwake. Soko halihami, duka la ndoo liko palepale kila siku. Lakini hapa palikuwa na mahali panapobadilika wakati umekaa unapasoma.

"Na upande wa ghuba?" mama akauliza.

"Ghuba iko nyuma ya rasi. Upepo huu kule unatoka nchi kavu, unausukuma mwani mbali. Kwa kawaida ukijaa huku, kule hakuna. Ila na mimi leo sijafika. Wapigieni."

Mama akatoa simu kwenye mkoba. Akaishika kidogo, kisha akamnyoshea Ramani.

"Mama, mimi?"

"Wewe. Tena hapahapa, sote tunasikia."

Mpokezi akamsogezea Ramani kipande cha karatasi na kalamu. "Andika kwanza unachotaka kuuliza," akamnong'oneza. "Mimi mwenyewe wiki yangu ya kwanza niliandika mpaka neno 'haloo'."

Ramani akaandika, akafuta, akaandika. Kisha akabonyeza namba ya nyumba ya wageni ya ghuba, aliyosomewa na mpokezi. Akapokea mzee mmoja mwenye sauti nzito.

"Shikamoo," Ramani akasema. Safari hii neno lilikuwa sahihi na likatoka.

"Marahaba, mjukuu. Sema."

"Naulizia ufuo wenu. Kuna mwani?"

"Leo hakuna."

"Umeuona mwenyewe leo, au uliuona jana?"

Mzee akacheka kidogo. "Nimetoka huko sasa hivi, miguu yangu ina mchanga. Kuna majani machache tu kwenye mawe, mabichi."

"Yananuka?"

"Hayanuki."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mjukuu. Upepo ukibaki hivi, patakuwa safi. Ukigeuka, utatufikia. Siwezi kukuahidi."

Ramani akashukuru, akakata, akabaki ameshikilia simu huku uso umekunjamana. Hakujua kama amepata habari njema au mbaya. "Anasema leo ni safi, ila kesho hajui," akawaambia. "Sasa tufanye nini? Hana hakika."

"Tunakwenda," shangazi akasema, akainuka na kuchukua mkoba wake mwenyewe.

"Lakini shangazi, amesema hajui."

"Ndiyo maana ninakwenda. Ya leo ameona, amesema. Ya kesho hajaona, amesema hajaona. Mtu wa namna hiyo nalala kwake nimefumba macho yote mawili."

Walisafirishwa na gari la dobi, lililokuwa linapeleka mashuka ya wageni kufuliwa upande wa ghuba. Shangazi alikaa mbele na dereva, madirisha yamefungwa mpaka walipoupita mnara. Mama na watoto walikaa nyuma juu ya marobota ya mashuka, na Kiroboto akatangaza kwamba hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za likizo na kwamba bahari si lazima.

*

Ghuba haikuwa ya kupigiwa picha. Mchanga wake ulikuwa wa rangi ya udongo, na mbuzi walikuwepo kweli. Lakini hewa ilikuwa nyepesi. Shangazi alikaa kivulini kando ya maji, na kufikia jua la jioni Ramani alisikiliza kifua chake, akasikiliza tena, asisikie filimbi.

Siku mbili zilipita vizuri. Mama alilala mchana, kitu ambacho watoto wake hawakuwahi kukiona. Kiroboto alichimba shimo kubwa akakataa kueleza ni la nini. Ramani alioga, alicheka, lakini kila alipomtazama mama alijiuliza kama bado amemkasirikia. Mama hakuwa amemgombeza. Hilo lilimtatiza kuliko kugombezwa.

Asubuhi ya siku ya mwisho upepo uligeuka. Ramani aliamka akausikia unapiga dirisha jingine. Mama alikuwa anafunga mizigo.

"Nenda kautazame ufuo," mama akasema. "Shangazi yako anataka kukaa kidogo kabla ya basi. Uje utuambie."

Ramani akaenda peke yake. Mwani ulikuwa umefika: mkanda mwembamba wa rangi ya dhahabu, umejipanga kwenye mstari wa maji. Akachuchumaa, akaokota tawi moja. Lilikuwa na vipovu vidogo kama shanga, na ndani yake kaa mdogo kuliko kifungo cha shati alikuwa anatembea. Akalinusa. Lilinukia chumvi. Akatembea mpaka kwenye mawe ya mwisho na kurudi, ili aone pote.

Alipofika chumbani wote walikuwa wanamngoja, nyuso zimeinuliwa kama zilivyokuwa zikiinuliwa siku zote.

"Umekuja," akasema. "Mkanda mmoja, upana wake kama huu mkeka. Ni mbichi, haunuki. Nimefika mpaka kwenye mawe, na kule ni hivyohivyo." Akasita. "Shangazi, kama utakudhuru au hautakudhuru, hilo sijui. Mwenye nyumba wa kule alisema mbichi hauna neno, lakini mimi si daktari."

"Inatosha," shangazi akasema. "Nitakaa mbali nao, na dawa yangu ninayo. Nikisikia kifua, narudi."

Akatoka na Kiroboto, ambaye tayari alikuwa anauliza kama kaa mdogo ana mama. Ramani akataka kuwafuata, lakini mama akapapasa kitanda kando yake, naye akakaa.

"Unajua kwa nini sikukugombeza?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Kwa sababu na mimi nina sehemu yangu. Sisi wakubwa tumekuzoesha kujibu. Kila kitu Ramani, Ramani. Tukasahau kwamba wewe ni mtoto, na hata mtu mzima kuna mambo hayajui." Mama akakunja blauzi, akaikunjua, akaikunja upya. "Kuchanganyikiwa si kosa, mwanangu. Siku ile ulipoona watu wanapingana, ungekuja na simu mkononi ukasema, mama, hili silielewi, na kuongea na watu nisiowajua naona haya, tungekaa tukalifikiria pamoja. Kosa lako lilikuwa kuuficha utata wako chini ya jibu zuri. Mimi nililishika jibu hilo nikamleta mgonjwa mahali palipoweza kumuua. Na yule dada alikuwa anakwenda nyumbani bila kazi."

"Nilimwona akivua beji," Ramani akasema polepole.

"Nilikuona unamwona. Na ulisema kabla sijakuuliza, mbele ya watu, ingawa ungeweza kunyamaza tukaondoka. Hilo nalo sijalisahau." Mama akamwekea mkono kichwani. "Kuanzia leo nikikutuma kuuliza jambo, niletee ulichokiona na ulichoambiwa. Usichokijua niletee nacho, ukiite kwa jina lake. Nitakuamini zaidi, siyo kidogo."

Ramani akaitikia. Alitaka kusema kitu kizuri, cha kumtuliza mama, na maneno kadhaa yalikuwa tayari yamejipanga. Akayaacha.

"Mama, sina cha kusema," akasema.

"Basi nishikie upande huu wa shuka," mama akajibu, "tulikunje."

Wakalikunja pamoja, pembe kwa pembe. Kutoka nje, kwa mbali, walimsikia shangazi akimwambia Kiroboto, bila kukohoa hata mara moja, kwamba kuhusu mama wa kaa hana habari, na kwamba itabidi waende wakaulize.